Moshi wa Baada ya Futari

Kwa miaka mingi sisi wanne tulifunga Ramadhani, lakini tende ikishapita kooni, mkono ulikimbilia sigara. Mchana tulikuwa wafungaji, usiku watumwa. Muuguzi mmoja alitueleza kwamba mtu akikaa saa 12 bila kuvuta, sumu ya kaboni monoksidi katika damu yake hushuka hadi kiwango cha kawaida. Kumbe kila mchana tulikuwa tukijisafisha, na kila magharibi tukijichafua! Basi baada ya Tarawehe tukapeana ahadi ya kuacha.

Mtihani ulitukuta Shawwali. Siku ya tatu ya Idi, mwenzetu mmoja alirudia kuvuta, na kwa aibu akaacha kuja msikitini. Hatukumlaumu, kwani kila mmoja wetu aliijua hamu ile. Tulimfuata nyumbani baada ya Isha, tukaketi naye barazani kwa chai ya tangawizi mpaka hamu ikampita. Usiku wa pili tukarudi, na wa tatu, na wa kumi.

Alhamdulillahi, sasa yeye ndiye atupigiaye simu kila jioni: “Ndugu zangu, mmeshinda salama?”