Vumbi la Watu Wengine

Kuna neno moja ambalo limenilipia kodi ya nyumba karibu mwaka mzima: mesotelioma. Ni saratani ya utando unaozunguka mapafu, wakati mwingine ule wa tumbo, na mara nyingi chanzo chake ni asbesto. Wateja wangu wako Marekani. Nyuma yao kuna mawakili, kwa sababu kule mgonjwa anaweza kuishtaki kampuni iliyotengeneza yale madude, na fidia huwa nono. Basi mawakili wanashindania tangazo lao litokee mtu akilitafuta neno hilo kwenye intaneti. Mimi niko kwenye mkia kabisa wa hiyo pesa, chumba kimoja Githurai, nikilipwa shilingi 400 kwa makala ya maneno 1,000. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama. Hii ndiyo digrii niliyopata.

Makala zenyewe zinafanana. Wiki hii ni mafundi wa meli, wiki ijayo mafundi wa boila, kisha wazima moto wanaoingia majengo ya zamani, kisha mafundi umeme wanaotoboa kuta. Asbesto ilikuwa kila mahali kwa sababu haiungui, haiozi, na ilikuwa rahisi. Ni mwamba unaochanika kuwa nyuzi ndogo kiasi kwamba jicho halizioni. Ukizivuta, nyingine zinabaki mapafuni, na mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Halafu kimya. Miaka 20, 30, hata 40 inapita kabla mtu hajaanza kukosa pumzi.

Hiyo miaka ndiyo inayonikera, maana imewafaa sana wenye viwanda. Nellie Kershaw, mfumanyuzi wa asbesto mjini Rochdale, Uingereza, alifariki 1924 akiwa na umri wa miaka 33 tu, na mwajiri wake alikataa kuchangia hata mazishi. Mwaka wa 1960, Wagner na wenzake wakachapisha habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma Afrika Kusini, wengi wao wakihusishwa na machimbo ya asbesto ya buluu huko Northern Cape. Na si wachimbaji peke yao. Wengine walikuwa wameishi tu karibu na machimbo, watoto wakiwemo. Uingereza ilipiga marufuku asbesto yote mwaka wa 1999. Hesabu mwenyewe kutoka 1924.

Sasa, katika hizo makala zote, fundi wa magari huwa Mmarekani mstaafu wa Ohio au Texas. Mjomba wangu ana gereji Grogan, kama unaweza kuiita gereji: turubai, jeki mbili na kompresa. Breki na klachi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, kwa sababu ile ile, haiungui. Ukifungua gurudumu unakuta vumbi jeusi limeganda. Kila fundi niliyemwona Grogan analipuliza kwa kompresa, wengine wanaligonga chini. Kama ndani kuna asbesto au hakuna, pakiti ya kipuri cha bei ya chini haikuambii.

Kanuni za taka hapa Kenya zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, na kuibeba kunahitaji leseni ya NEMA. Karatasini tuko sawa. Lakini nimeona vijana wa mjengo wakishusha paa kuukuu la shule kwa nyundo, paa lile la kijivu la saruji na asbesto, vipande vikivunjika kama biskuti na mmoja wao amejifunga fulana mdomoni. Paa zima lisiloguswa halina shida kubwa. Kulivunja ndiko kunakoachilia nyuzi. Mtu wa mkono haelezwi hayo. Anaelezwa lori linafika saa kumi.

Nilienda kwa Mjomba Jumamosi moja nikamwambia awe analowesha ngoma ya breki na kuipangusa kwa kitambaa chenye maji, kitambaa akifunge kwenye mfuko, na nguo za kazi zisichanganywe na za watoto, kwa sababu wako wanawake waliougua kwa kufua tu ovaroli za waume wao. Na sigara apunguze. Asbesto na sigara vikikutana, hatari ya saratani ya mapafu haijumlishwi tu, inazidishwa.

"Nimeanza hii kazi '94," akasema. "Sasa maji ya nini?"

"Ya huyo kijana wako, Mjomba."

Kijana wake ana miaka 19, na alikuwa ameinama juu ya gurudumu la matatu, bomba la upepo mkononi. Mjomba alimwangalia kidogo. Akamwambia azime kompresa, alete ndoo.

Kisha akaniuliza kama hao mawakili wangu wanaweza kuchukua kesi ya mtu wa Grogan. Nikamwambia fomu yao, swali la kwanza, inauliza ulifanya kazi jimbo gani. Akacheka hadi akakohoa, akaniomba nimpitishie spana namba 17.