Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Napenda leo tuzungumze juu ya mikono yetu safarini. Huu ni msimu wa harusi, na jamaa wengi wanatoka pwani kwenda bara kuunga udugu.

Mwaka huu, baada ya Idi, tulikodi basi kwenda Fort Ternan kumwoza kijana wetu. Mji ule mdogo uko kwenye reli ya zamani ya Kisumu, baina ya vilima vya chai vya Kericho na mashamba ya miwa ya Muhoroni. Njia nzima mazungumzo yalikuwa juu ya maji ya bara na vyoo vya bara. Kila mmoja akihofia atakayoyakuta. Kabla hatujafika Nakuru, mtoto mmoja akatapika kitini, kisha akaharisha. Maradhi tuliyoyaogopa mbele ya safari tulikuwa nayo wenyewe ndani ya basi.

Kwa wakwe zetu kulikuwa na bibi mzee na mzazi ambaye hajatoka arubaini. Tulipofika Londiani nikampigia simu baba wa bibi harusi nikamweleza kwamba tunaye mgonjwa. Wazee wawili katika msafara waliona hiyo ni aibu kwa watu wa bwana harusi. Nikawajibu kwamba nyumba ya mtu ni amana, na kuingiza maradhi humo kwa kunyamaza ni khiana. Yule baba alinijibu, “Sheikh, kuniambia ni kuniheshimu. Njooni.” Tulipowasili, mzazi na mwanawe walikwisha hamishiwa kwa jirani, na mgonjwa wetu akatengewa chumba na choo.

Usiku wa pili watoto wetu wengine wawili waliugua, na ndugu mdogo wa bibi harusi akaharisha siku mbili. Bibi mzee, mzazi na kichanga walisalimika, alhamdulillahi.

Maradhi ya kutapika na kuharisha yanayoenea hivi mara nyingi huletwa na virusi viitwavyo norovirusi. Vilipewa jina kutokana na mji wa Norwalk, Marekani, ambako wanafunzi wa shule moja waliugua mwaka 1968. Ndivyo vinavyosumbua zile meli kubwa za watalii, ambamo maelfu ya watu hushika vyuma vile vile vya ngazi na upawa ule ule wa chakula. Basi letu halikuwa na tofauti na meli hizo: chuma cha kiti, kitasa cha choo, chupa moja ya maji kwa watoto wanne. Virusi hivi hukaa juu ya vitu kwa siku kadhaa, na vichache mno vyatosha kumlaza mtu.

Mama mmoja alikuwa na kichupa cha sanitaiza akikigawa kila tulipopeana mikono na wenyeji. Nia yake ilikuwa njema, lakini wenyeji waliona. Tena dawa ile ya spiriti haiviwezi sana virusi hivi. Kinachoviondoa mkononi ni sabuni na maji yanayotiririka, kwa kusugua viganja, baina ya vidole na chini ya kucha kwa muda wa sekunde 20.

Jambo hilo nililiona likitendeka pale pale Fort Ternan. Kabla ya chakula alipita binti na birika la maji ya vuguvugu, beseni na sabuni, akimnawisha mgeni mmoja mmoja. Sisi wengine bado twapitishiana bakuli moja, wa mwisho akanawa uchafu wa wote. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba aamkaye asitumbukize mkono chomboni kabla ya kuuosha mara tatu.

Basi mama zangu, katika mkoba wa safari tieni kipande cha sabuni na kidumu cha maji ya kunawia. Mtoto akitapika, futeni mara moja kwa kitambaa cha kutupa, kisha safisheni mahali hapo kwa jiki iliyochanganywa na maji. Nguo na leso zilizochafuka zitengwe. Aliyeugua asipike wala asipakue mpaka zipite siku mbili tangu apone. Na wenyeji wapewe habari kabla ya kufungua mlango.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuna haki ya kuukagua usafi wa nyumba ya mtu ilhali mikono yetu hatujaitazama.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wageni wa kheri, awaponye wagonjwa wetu, na awahifadhi watoto wetu safarini na majumbani. Amin.