Tulivyoifuata picha ya Ziwa Paradise

Kutoka Nairobi hadi mjini Marsabit ni mwendo wa kilomita zipatazo 550. Nakuambia mapema, msomaji mpenzi, usije ukawafungasha watoto garini ukidhani mtarudi kulala nyumbani. Sisi tulikuwa sita: mume wangu kwenye usukani, watoto watatu, mimi, na baba yangu mzazi ambaye ndiye aliyekuwa mwenye safari.

Baba alifundisha shule ya msingi huko Marsabit kuanzia 1971 hadi 1973. Sasa ana presha ya macho, ule ugonjwa unaomla mtu uwezo wa kuona polepole kutoka pembeni, bila maumivu. Kilichokwisha kupotea hakirudishwi kwa dawa wala kwa upasuaji, na daktari alitueleza hivyo bila kuzungukazunguka. Kwa Baba kimebaki kitundu katikati. Alisema kabla hakijazibika angependa kuliona ziwa lile mara moja tena, na kama halitaonekana, basi nimpigie picha kubwa aisogeze karibu na uso.

Enzi zake walisafiri juu ya lori, mavumbi hadi masikioni. Hata katika miaka ya tisini magari mengi yalikwenda kwa misafara yenye askari kwa kuhofia majambazi. Lami ilikuja kukamilika hadi Moyale katika muongo wa 2010, na sasa gari dogo linapita Archer's Post, Laisamis na Logologo bila wasiwasi. Baba alikuwa akiyataja majina hayo kabla hatujafika. Nikiwa njiani sikutoa kamera sana. Wafugaji wa kule hawapendi kupigwa picha ovyo kutoka dirishani, na mimi nawaunga mkono. Wewe ungependa mgeni asimamishe gari mlangoni kwako akupige picha ukianika nguo?

Mlima Marsabit ni volkeno iliyozimika, urefu wake mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Una mashimo mengi yaliyoachwa na volkeno, na wenyeji huyaita gof. Ziwa Paradise limo ndani ya shimo liitwalo Gof Sokorte Guda, kuta zake zimevikwa msitu. Usitafute mto unaoingia humo. Ziwa hutegemea mvua, na ukame ukizidi maji hupungua vibaya.

Kilichotutesa ni ukungu. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huupanda mlima ule usiku, ukapoa, ukaganda kuwa wingu juu ya miti. Ndio maana kuna msitu mbichi katikati ya jangwa. Lakini mimi chuoni nilifunzwa kwamba picha nzuri hupigwa asubuhi, basi saa moja tukawa tumefika ukingoni. Mbele yetu palikuwa peupe tupu kama shuka. Mti ulio hatua kumi hatukuuona.

"Leo sote tuko sawa," Baba akasema, akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Tukangoja. Watoto walipoanza kulalamika, babu yao aliwasimulia kuhusu Ahmed, ndovu mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, ambaye Rais Jomo Kenyatta alitoa amri mwaka wa 1970 alindwe na walinzi wake mwenyewe. Ahmed alikufa 1974, na sanamu yake ipo katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Nami nikawasimulia kuhusu Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Marekani, waliopiga kambi kando ya ziwa hilo kuanzia 1924 hadi 1927 wakipiga picha na filamu za wanyama. Walisafishia filamu zao papo hapo msituni. Miaka mitatu! Sisi tulikuwa na asubuhi moja.

Mnamo saa nne na nusu ukungu ulianza kupasuka. Kwanza tuliona ukingo wa pili, kisha miti, kisha maji yenyewe huko chini, yamezungukwa na duara pana la nyasi za kijani. Nyati kadhaa walikuwa wakilisha. Watoto wakapiga kelele, nami nikavuta lenzi kuwakaribia.

"Nyati nimewaona wengi," Baba akaninong'oneza. "Nipigie duara lote. Ukingo mpaka ukingo."

Ushauri huo nakupa nawe bure. Ukifika huko ujaribu kumkaribia mnyama, utarudi na picha ya nyati ambayo ingeweza kupigwa popote. Rudi nyuma, uache ukuta wa shimo uonekane. Hapo ndipo mtu atajua ni mdomo wa volkeno. Nilipiga vipande saba, kutoka kushoto kwenda kulia, vya kuunganishwa baadaye.

Nilipogeuka nikamwona Baba akifanya jambo lile lile. Alikuwa amesimama kimya, kichwa akikizungusha taratibu kutoka kushoto hadi kulia, akilikusanya ziwa kidogo kidogo kwa kile kitundu chake. Akifika mwisho, anaanza upya. Mume wangu alitaka kumwita twende tukale. Nikamshika mkono.

Picha ile tuliichapisha kwa upana wa meza, nayo iko ukutani kwa Baba, karibu na dirisha. Kila asubuhi huisoma kama gazeti. Chini ya miti, upande wa kulia, ameona kitu cheusi ambacho sisi hatukukiona tukiwa kule, na anasema ni ndovu. Kitinda mimba wangu anashikilia kwamba ni jiwe. Wamebishana majuma matatu sasa, na wote wawili wanataka turudi Desemba kuangalia.