Chakula cha Njia ya Zamani: Safari Katika Miji Midogo ya Malaysia



Msafiri ana macho, ana masikio, tena ana tumbo. Macho hushangaa majumba marefu, masikio hushangaa lugha ngeni, lakini tumbo ndilo linalomwuliza kila siku swali lile lile: leo tutakula wapi? Nataka kuwaeleza jinsi tulivyolijibu swali hilo tuliposafiri kwa motokari katika Malaysia. Sisemi juu ya miji mikubwa. Nasema juu ya miji midogo, ile ambayo watu wengi huipita bila hata kupunguza mwendo.

Kwanza tuijue nchi. Malaysia iko Asia ya kusini-mashariki, nayo ina vipande viwili. Kimoja ni rasi ndefu iliyoungana na Thailand. Cha pili kiko ng'ambo ya bahari, kaskazini mwa kisiwa cha Borneo. Rasi ilipata uhuru tarehe 31 Agosti 1957, na jina la Malaysia lilianza tarehe 16 Septemba 1963. Wenyeji walio wengi ni Wamalay. Pamoja nao wako Wachina na Wahindi, ambao wengi wa babu zao walikuja wakati wa Waingereza kuchimba madini na kufanya kazi katika mashamba ya mpira. Kila taifa lilikuja na sufuria yake. Kwa kukaa jirani miaka mingi, sufuria hizo zimeazimana viungo.

Tulikuwa watu watatu: mimi, rafiki yangu niliyesoma naye, na baba yake, mwalimu mzee aliyekwisha kustaafu. Huyo mzee ndiye alikuwa ramani yetu.

Toka mpaka wa Thailand hata Johor Bahru, kule kusini, iko barabara kuu ya kulipia, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1994. Urefu wake ni kilometa 770 hivi. Ni barabara nzuri kabisa, lakini huipiti miji, huiacha kando. Mwenye njaa huingia kituo cha kupumzikia, akala, akaendelea. Lakini iko pia njia ya zamani, barabara ya serikali namba 1, nayo inapita mji kwa mji, mbele ya soko na mbele ya duka la kahawa. Zamani kila lori na kila basi lilipita hapo, na dereva mwenye njaa alisimama. Barabara kuu ilipofunguliwa, wengi waliihama njia ile. Kwa hiyo mwalimu alitupa amri moja tu: "Njaa ikiwauma, tokeni barabara kuu."

Ukitoka, utaona michikichi kushoto na kulia, labda kwa muda wa saa nzima. Mtu wa Kongo atadhani yuko kwao. Na kweli, mti huo ni wa Afrika. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java. Uzao wake ukaenea, na mwaka 1917 shamba la kwanza la biashara likapandwa Selangor, karibu na Kuala Lumpur. Tena mwaka 1941 wataalamu wa Yangambi, hapa kwetu, walieleza jinsi aina mbili za mchikichi zinavyozaa aina ya tatu, yenye kokwa la ganda jembamba na mafuta mengi. Michikichi ya aina hiyo ndiyo inayojaza mashamba ya Malaysia leo. Lakini usitafute mawese mekundu katika sahani. Huko mafuta husafishwa hata yakawa maangavu, ya kukaangia. Uzito wa mchuzi wao hutoka katika tui la nazi. Nawe usidanganyike na sikio lako: wakisema "nasi", hawasemi nazi, wanasema wali. "Nasi lemak" ni wali uliopikwa kwa tui, na pembeni yake dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai na pilipili iliyopondwa. Wengi huula asubuhi, kabla ya kwenda kazini.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe: chakula kizuri hutafutwaje? Mwalimu alipofika mji asioujua vizuri, hakuuliza, "Hoteli nzuri iko wapi?" Aliuliza, "Watu wa hapa wanafanya kazi gani?" Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaona kwamba swali lake lina akili nyingi, maana mji mdogo hupika kile ambacho kazi yake na maji yake vimeuletea.

Tazameni bonde la Kinta, katika jimbo la Perak, penye mji wa Kampar na, mbele yake, mji mkubwa wa Ipoh. Watu walijaa huko kwa sababu ya bati, yaani yale madini ya kasiteriti yanayochimbwa pia kwetu Maniema. Wachimbaji wengi walikuwa Wachina. Mtu wa mgodi anataka chakula cha moto, cha haraka, cha kushibisha. Ndiyo maana huko tambi ziko kila pembe. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani kote, migodi mingi ikafungwa, na mashimo yake sasa ni maziwa yenye maji matulivu. Bati limekwisha, tambi zimebaki. Ipoh wana kuku wa kuchemsha anayeliwa na machipukizi ya choroko, manene, mafupi, yanayolia mdomoni. Wenyeji husema unene huo hutoka katika maji ya vilima vya chokaa vinavyouzunguka mji. Kabla ya kufika huko utapita Bidor, mji wa mapera, nayo hupangwa kandokando ya njia.

Ukielekea pwani utafika Kuala Sepetang, kijiji cha wavuvi. Mwaka 1885 reli ya kwanza ya nchi ilijengwa toka Taiping hata hapo. Siku hizi gari moshi halifiki tena, lakini msitu wa mikoko uko, nao umetunzwa kwa utaratibu tangu mwaka 1902: hukatwa sehemu kwa sehemu, na kila sehemu iliyokatwa huachwa mpaka imekua tena. Miti yake huchomwa katika tanuru kubwa za udongo kuwa makala. Katika maji yale yale ya mikoko hukua kamba. Basi utakula nini Kuala Sepetang? Tambi za kamba, katika mchuzi mzito wenye utamu na pilipili. Hakuna haja ya kuuliza mara mbili.

Temerloh ni mji ulio kando ya mto Pahang, mto mrefu kuliko yote katika rasi. Chakula chake ni samaki aitwaye patin, jamii ya kambare, mwenye nyama laini na mafuta. Humpika na doriani iliyochachushwa. Tunda hilo lina miiba nje na harufu kali ndani. Wako watu wanaolikimbia. Lakini likichachushwa na kupikwa na samaki, ukali wake hugeuka kuwa uchachu mtamu, na mgeni huomba wali mara ya pili.

Katika jimbo la Negeri Sembilan wako watu ambao mababu zao walitoka Sumatra. Kwa desturi yao shamba la ukoo hurithiwa na binti kutoka kwa mama. Wanawake hao hupika mchuzi wa tui, manjano na pilipili ndogo kali sana. Kandokando ya njia utaona mianzi imesimamishwa mbele ya moto. Ndani ya kila mwanzi mna jani la mgomba, na ndani ya jani mna mchele wa kunata na tui. Mpishi huigeuza mianzi polepole kwa saa nyingi. Hapo usiseme una haraka.

Jambo la pili ni saa. Katika mji mdogo chakula kina saa yake, na chungu kikiisha kimeisha. Katika mji wa Muar, kusini, watu hula mishikaki midogo na mchuzi wa karanga asubuhi mapema, kama sisi tunavyokunywa chai. Huko huko huuza samaki aliyepondwa na viungo, akafungwa katika jani na kuchomwa juu ya makala. Tena, katika mwezi wa mfungo wa Waislamu usitegemee meza za Wamalay mchana. Ngoja alasiri, ndipo soko la kufuturu hufunguliwa, na vyakula vingi ambavyo mwaka mzima hupikwa nyumbani tu huonekana barabarani.

Jambo la tatu ni heshima. Mama mpishi wa Kimalay huitwa "makcik", yaani mama mdogo au shangazi, kama vile kwetu tunavyomwita kila mwanamke mtu mzima "mama". Msalimu kwanza: "Apa khabar?" Naam, ni habari ile ile yetu, imetoka katika Kiarabu ikasafiri pande mbili za bahari. Hata meza huiita "meja". Wao na sisi tulilichukua neno hilo kwa Wareno. Kula kwa mkono wa kuume. Katika nyumba ya kulia ya Wahindi utawekewa wali juu ya jani la mgomba, na ukimaliza ulikunje jani kuelekea kwako. Ndiyo shukrani yako.

Kumbuka pia kwamba si kila mtu hula kila mahali. Mwislamu hali nguruwe, Wahindi wengi hawali ng'ombe. Lakini nimeona watu wenye busara wakilitengeneza jambo hilo bila maneno mengi. Tanjung Malim, kaskazini ya Kuala Lumpur, liko duka la Wachina wenye asili ya kisiwa cha Hainan, lililofunguliwa mwaka 1926. Huuza mikate myeupe iliyopikwa kwa mvuke, yenye nyama ndani, wala hawatii nguruwe. Kwa hiyo Mmalay, Mchina na Mhindi huketi meza jirani, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa.

Sasa nawaeleza siku ambayo sitaisahau. Katika mji mmoja mdogo wa Perak mwalimu alitupeleka kwa rafiki yake wa siku nyingi, Mchina mwenye miaka zaidi ya sabini, anayetengeneza tambi kwa mikono. Tulifika saa moja ya asubuhi. Alizivuta tambi, akazikunja, akazitia maji ya moto, akatupa bakuli bila kusema neno. Zilikuwa laini, lakini zilikuwa na nguvu, hazikukatika ovyo. Tulipokwisha kula, nikamwuliza kwa kinywa cha mwalimu: "Mzee, nani atashika kazi hii baada yako?"

Akacheka. "Hakuna," akasema. "Tambi hizi zimesomesha watoto watatu. Mmoja ni mhasibu Kuala Lumpur, wawili wako Singapore. Je, nimwambie mhasibu aamke saa tisa ya usiku aje kukanda unga?"

Akapangusa meza. Kisha akaongeza: "Lakini wakija kwa Mwaka Mpya wetu, kitu cha kwanza wanachoomba ni bakuli hili."

Nilitoka nje nikatazama mtaa. Milango mitatu jirani na duka lake ilikuwa imefungwa, na mmoja ulikuwa bado na maandishi ya duka la mikate. Nikafikiri sana. Nani atawalaumu watoto wale? Baba yao aliamka usiku miaka arobaini ili wao wasiamke. Tambi ndizo zilizowasomesha, na kusoma ndiko kulikowaondoa. Kazi yake imefaulu, na kwa sababu imefaulu itakoma. Wala si kwake peke yake: katika miji mingi ya njia ile tulikuta wapishi wazee, na vijana wachache. Wako waliorudi, kweli. Mahali pengine tulimwona binti akigeuza mianzi pamoja na mama yake, naye alikuwa amewahi kufanya kazi mjini. Alirudi kwa sababu wateja walikuwa wengi kuliko mikono ya mama. Hilo ndilo la kuangalia: alirudi kwa sababu watu walisimama.

Msafiri hawezi kumpa mzee mrithi. Hawezi kurudisha malori katika njia ya zamani. Lakini anaweza kutoka barabara kuu, kuketi, kula chakula kikiwa moto, kulipa bei bila kubishana, na kumwambia mpishi kwamba ni kizuri. Wahenga walisema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Zamani nilidhani methali hiyo inasemwa kwa sababu mgeni akija huchinjwa kuku, na mwenyeji naye akapata kula. Mbele ya bakuli lile niliona maana nyingine: iko miji ambayo hupona kwa mgeni, na mgeni asipokuja hufunga mlango.

Basi, msomaji, ikiwa siku moja utafika nchi ile, wewe au mtoto wako, ondoka mapema na tumbo tupu. Uliza watu wanafanya kazi gani. Na ukiona kibao cha mji ambao hujapata kulisikia jina lake, punguza mwendo.