Januari ya Shule, Januari ya Shamba

Shule hufunguliwa Januari. Mpunga nao haungoji: mvua za kwanza zikishalainisha udongo mweusi wa Bonde la Kilombero, mwenye shamba hana budi awe shambani. Kwa hiyo kila mwaka, wiki zilezile ambazo mwalimu wa awali anaandikisha watoto wa miaka mitano, wazazi wa watoto hao wanafunga virago. Nimefundisha watoto wadogo kandokando ya Ifakara tangu miaka ya themanini hadi nilipostaafu. Watu wakiniuliza ni nini kimebadilika zaidi kati ya mzazi na mwalimu, hutarajia nitaje madarasa mapya au mitaala. Mimi nataja mpunga. Tulielewana siku shule ilipokubali kupanga mambo yake kwa kuufuata.

Kwa asiyeijua Ifakara: mji uko upande wa Milima ya Udzungwa, na ng'ambo ya mto kuna Lupiro na njia ya kupanda Mahenge. Kati ya milima hiyo limelala bonde pana ambalo masika hujaa maji, na tangu 2002 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Nyumba ziko juu, penye ukavu. Mashamba yako chini mbugani, mengine mwendo wa nusu siku kwa miguu. Kwenda na kurudi kila siku hakuwezekani, ndiyo maana familia hujenga dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu kukwepa maji, na kuhamia huko. Watapanda, watapalilia, kisha wataamia ndege mpunga ukianza kujaza, mpaka mavuno ya Juni na Julai. Mtoto asiye na mtu wa kubaki naye kijijini huenda na mama yake.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa darasa la saba. Enzi hizo chekechea ilikuwa mali ya kijiji. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimetuachia desturi ya kuwa na mahali pa kulelea watoto mchana, na akina mama wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT) ndio waliokuwa wakihimiza. Darasa langu lilikuwa chini ya mwembe karibu na ofisi ya tawi la chama. Hatukuwa na ubao. Tuliandika ardhini kwa vijiti. Mshahara haukuwepo. Wazazi walinilipa mpunga baada ya kuvuna, anayeweza debe, asiyeweza nusu yake, na wapo walioleta kuku. Wakubwa wangu kwa umri waliniita "dada mwalimu", nami niliwaamkia shikamoo kabla ya kuwadai.

Ikifika Februari, mkeka ulianza kuwa mkubwa kuliko watoto. Waliobaki ni wale ambao wazazi wao hawakutegemea jembe peke yake: watoto wa watumishi wa stesheni ya reli ya TAZARA, wa Hospitali ya Mtakatifu Francis, wa wenye maduka. Wengine wote walikuwa mbugani. Hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo. Mtoto wa miaka mitano, walisema wazee, ana kazi gani ya shule inayoshinda kumfukuza kwelea?

Habari zilipitia kwa wachuuzi wa samaki. Ifakara ni mji wa baiskeli, na mchuuzi aliyekwenda kambi za wavuvi alfajiri alirudi mchana na tenga la perege na kitoga nyuma ya kiti, akiwa amepita mashambani kote. Nilimpa vikaratasi: mtoto fulani ameanza kuhesabu vizuri, msimwache asahau, fulani dada yake anaumwa, yuko kwa bibi. Asiyejua kusoma alisomewa palepale, baiskeli ikiwa imeegemezwa kwenye nguzo ya dungu. Majibu yalirudi kwa mdomo.

"Mwalimu, mama yake kasema anakusalimu. Ndege wamezidi, mtoto atarudi Juni. Ila kuhesabu hajaacha, anahesabu mashuke."

"Na huyu perege?"

"Huyo ni wako. Kasema si malipo, ni salamu."

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikaja, ikaitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi, miaka miwili kwa watoto wa miaka mitano na sita. Taratibu madarasa yetu yakahama kutoka kwenye miembe kuingia shule za msingi. Nami nikapelekwa mafunzo, nikarudi na cheti, na kitabu cha mahudhurio chenye mhuri. Tulichopata ni heshima na dawati. Tulichopoteza kwa muda ni ule wepesi wa zamani. Shule ilikuwa na ratiba, na ratiba ilisema mkutano wa wazazi ni Februari. Tuliandika barua, tukapanga mabenchi, tukaja sisi walimu, mwenyekiti wa kitongoji, na akina bibi wachache waliokuwa wamekaa nyuma kabisa kwa sababu walidhani hawakualikwa wao. Kwenye taarifa tukaandika sentensi ambayo kila mwalimu wa vijijini anaijua kwa moyo: wazazi hawana mwamko.

Aliyetutoa hapo ni mzee mmoja wa kamati ya shule, mvuvi wa zamani, mtu wa maneno machache. Baada ya kusikia habari ya mwamko kwa mara nyingine alisimama, akasema, "Walimu, mnatuita wakati hatupo na hatuna kitu. Tuiteni Julai, mpunga ukiwa ndani na miguu ikiwa mikavu. Halafu mseme hatuna mwamko."

Hoja yake ilikuwa na hesabu ndani yake. Januari hadi Machi ndiyo miezi ya ukata bondeni; akiba ya mwaka uliopita imekwisha na mpya bado iko kwenye maji. Kumwomba mtu mchango wakati huo ni kumfukuza. Julai mtu huyohuyo ana magunia, ana nafasi, na ana hamu ya kukaa na wenzake. Tukauhamisha mkutano mkubwa. Julai tukawa tunazungumza mambo ya Januari inayofuata: nani ataanza darasa, nani atachangia nini, uji utapikwaje. Kila kaya ilitoa debe la mpunga, likahifadhiwa chumba cha stoo, na sehemu yake ikauzwa bei ilipopanda ili kununua unga, sukari na karanga. Kwa mara ya kwanza uji wa Februari ulikuwa umeshalipiwa kabla mzazi hajaondoka kwenda shamba.

Katika mikutano hiyo tukaanza pia kuuliza maswali mawili, na majibu nikayaandika kwenye daftari langu mbele ya kila jina: shamba lenu liko wapi, na nani atabaki na mtoto? La pili lilibadili kazi yangu. Kumbe kwa nusu ya mwaka mzazi wangu wa kushirikiana naye alikuwa bibi, au shangazi, au dada wa darasa la sita. Wale akina bibi wa benchi la nyuma tukawahamishia mbele. Wengi hawakujua kusoma, lakini walijua ngano za sungura na fisi kuliko kitabu chochote tulichokuwa nacho, na walijua Kindamba na Kipogoro. Mtoto aliyeingia darasani bila Kiswahili alimpata mtu wa kumtuliza kwa lugha ya nyumbani. Walipoongezeka wafugaji wa Kisukuma bondeni, mama mmoja wa jamii hiyo alikuja wiki za mwanzo akakaa nasi, akawa anawatafsiria watoto wao maagizo yangu. Mimi nilipata maneno machache ya Kisukuma kutoka kwake, nayo nikayatumia kwa ujasiri uliolichekesha darasa zima.

Afya nayo iliingia kwenye kikao cha Julai. Mtoto wa dungu alirudi na homa mara nyingi kuliko mtoto wa kijijini. Dungu halina ukuta wa kuzuia mbu. Ifakara ilikuwa na bahati ya kuwa na kituo cha utafiti kilichoanza katika miaka ya hamsini kama maabara ya Waswisi, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Katika miaka ya tisini kiliendesha mradi wa kuuza vyandarua kwa bei nafuu, vikiitwa Zuia Mbu, katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Sisi walimu tulichoongeza ni jambo dogo: tuliwaomba wazazi wasichukue chandarua pekee cha nyumba wakakipeleka shamba, maana anayebaki na bibi naye anaumwa. Ubishi ulikuwa mkali, kwa sababu chandarua cha pili kilikuwa pesa.

Halafu likaja jambo zuri lililotuletea shida. Kuanzia Januari 2016 elimumsingi ikawa bila ada katika shule za serikali, na kabla ya hapo sera mpya iliyozinduliwa Februari 2015 ilikuwa imeufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Watoto wakafurika. Nchi nzima idadi ya wanafunzi wa awali iliruka kutoka kama milioni 1 mwaka 2015 hadi kama milioni 1.5 mwaka uliofuata. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25; mimi nilikuwa nao wamekaa hadi mlangoni. Nilifurahi kwa wale ambao zamani wasingefika kabisa. Lakini Julai ile stoo ilibaki tupu. "Mama mwalimu, serikali imesema bure," waliniambia, tena kwa upole, kama watu wanaonikumbusha nilichosahau. Na kiongozi wa shule kwa upande wake aliogopa hata kulitamka neno mchango.

Uji ulikoma, na saa nne asubuhi watoto walianza kulala darasani. Hilo lilisema zaidi ya hotuba zetu. Akina mama waliokuja kuwachukua waliwakuta hivyo, wakaulizana wenyewe. Mazungumzo yakarudi kijijini, kwenye mkutano wa kijiji, yakiongozwa na wazazi: ada ni ya serikali kuondoa, tumbo la mtoto ni letu. Debe likarudi kwa hiari ya kila kaya, likisimamiwa na kamati ya wazazi yenye daftari lake, na zamu ya kupika ikapangwa na akina mama. Sisi walimu hatukushika hata kijiko. Naamini ndiyo maana jambo lile lilisimama imara kuliko mwanzo.

Mtaala wa miaka hiyo ulidai kona za kujifunzia zenye zana, na zana hazikuwa na fungu. Tukaitisha siku ya kutengeneza, tena baada ya mavuno. Watu walileta visoda, magunzi, vifuu, mbegu za maembe, mabua. Babu wa mtoto mmoja alikuja na fito na kamba, akakaa sakafuni kusuka mgono, mtego wa samaki, mdogo wa kumtosha mtoto. Watoto walimzunguka. Kila alipopitisha ufito aliwauliza: huu wa ngapi? Aliyekosea alirudishwa kuhesabu mwanzo, bila kukaripiwa. Kisha akawaonyesha mdomo wa mgono, mpana nje na mwembamba ndani: samaki anaingia, kutoka hawezi. Asubuhi ile walijifunza duara, namba na mpangilio, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikishika kamba. Mgono ule ulining'inia kwenye kona ya hesabu mpaka ukaliwa na mchwa.

Daraja la Kilombero, lililofunguliwa mwaka 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli, lilituondolea kivuko. Zamani mzazi mwenye shamba ng'ambo alikwama mto ukijaa. Sasa bodaboda inamleta na kumrudisha siku hiyohiyo. Simu ndiyo imechukua kazi ya mchuuzi wa samaki. Nasari za mjini zina makundi ya WhatsApp na daftari la mawasiliano linalosainiwa kila jioni. Huku kwetu wengi wana simu za vitufe, na mtandao unapatikana ukipanda juu ya dungu jioni. Bado inatosha: katika mafuriko ya masika ya 2024 walimu waliokuja baada yangu waliweza kujua kwa simu mtoto gani yuko salama na yuko kwa nani.

Lakini kuna hesabu moja haijakaa sawa. Mtoto wa sera ya 1995 alikuwa na miaka miwili ya awali. Aliyekosa msimu mmoja alikuwa na mwaka wa pili wa kufidia. Sasa, hata katika toleo la 2023 la sera, anao mmoja tu, na muhula wote wa kwanza ni msimu wa mpunga. Mtoto wa dungu anaanza awali yake Julai, wenzake wakiwa wamefika nusu. Desemba wote wanahesabiwa wamehitimu.

Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 inazungumzia vituo vya kijamii vya kulelea watoto. Kwetu mahali pake ni mbugani, kwa miezi ya msimu. Nusu ya kazi wazazi wameshaifanya: ukipita mashambani mwezi Aprili utakuta watoto wa madungu manne au matano wamekusanywa chini ya moja, wakiangaliwa na binti mmoja, mama zao wakiamia ndege. Binti huyo apewe mafunzo, sanduku la zana zilizotengenezwa Julai, na sehemu ya mpunga wa stoo kama posho yake. Mwalimu wa shule amtembelee mara moja kwa wiki. Baiskeli zipo.