Safu ya Nne

Hesabu za watu ndizo zilizonilisha. Nilianza kuandikia wenye maduka hapa Tassia, Nairobi, na wanamuziki wakaja baadaye, mmoja akimleta mwenzake. Wengi walikuwa waimbaji wa injili kutoka Pipeline, Fedha na Embakasi. Walirekodi kwa pesa zao, wakatoa nakala za CD mjini River Road, kisha wakaziuza wenyewe nje ya kanisa ibada ikiisha.

Albamu ya namna hiyo ni biashara kamili, ila pesa zake huja kidogo kidogo na kwa njia nyingi. Kuna noti za mkononi, kuna M-Pesa, kuna za milio ya simu ya Skiza, kuna mrabaha wa chama cha hakimiliki. Asiyeandika hawezi kujua kama kazi yake imemlipa.

Kila mwimbaji nilimnunulia kaunta buku, nikamchorea safu nne: zilizotoka, zilizouzwa, zilizorudi, zilizotolewa bure. Ile ya nne ndiyo niliyoipigania. Mchungaji hupewa moja, mtangazaji wa redio mbili, mama mkwe naye hawezi kukosa. Zisipoandikwa, mwisho wa mwaka dada aliyekaa kwenye meza ya mauzo anaonekana mwizi. Nimeona kwaya ikivunjika kwa sababu hiyo.

Mwezi wa Juni ndio uliokuwa mzito, kwa kuwa ritani za mwaka hufungwa tarehe 30. Mama mmoja alikuja na karatasi ya mrabaha, amekasirika.

"Mwalimu, hizi si zilishakatwa kodi? Nalipia nini tena?"

"Hulipi tena, mama. Tunadai iliyokatwa ihesabiwe."

Mrabaha wa mkazi wa Kenya hukatwa 5% kabla haujamfikia, na hiyo si kodi ya mwisho. Kwa shilingi 40,000, 2,000 zimekwisha kwenda kwa mamlaka ya mapato, KRA, kwa jina lake, na cheti chake kiko kwenye mtandao wake wa iTax. Tulijaza mapato yote, tukatoa gharama za studio, za kava na za kusafirisha vyombo. Faida ilikuwa ndogo, kodi yake ikatoka chini ya zile 2,000. Alisoma tarakimu hiyo kwenye skrini, akaniomba nimwonyeshe tena ilikotoka, mstari kwa mstari. Inaniuma kuona wasanii wengi wakiacha vyeti hivyo vikae bure, kwa kudhani kwamba pesa iliyokatwa haina haja ya kutajwa.

Kodi ya mauzo ghafi ni habari nyingine. Tangu Julai 2023 ni 3%, kwa biashara inayouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, nayo haiangalii gharama. Muuza duka huenda akaipenda kwa urahisi wake. Msanii aliyemaliza akiba yote studio inamwumiza, maana atalipa hata akiwa na hasara. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna ajitoe, alipe kodi ya mapato ya kawaida, na mimi huwashauri hivyo wale ambao albamu yao bado haijarudisha mtaji. Lakini lazima risiti ziwepo.

Na hapo ndipo kazi yangu iliposogea kutoka kwa waimbaji hadi kwa maprodyuza. Vijana hawa wana kompyuta, maikrofoni moja na magodoro yaliyoegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, nao hulipwa kwa M-Pesa bila karatasi yoyote. Zamani niliwaomba watie sahihi kwenye kitabu cha stakabadhi, ikatosha. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi kupunguza mapato yanayotozwa kodi. Kwa hiyo jioni mimi huzunguka studio za mtaani, nikikaa na prodyuza mmoja mmoja hadi ajisajili na kutoa ankara yake ya kwanza. Wengine huogopa kwamba nawapeleka serikalini. Nawaambia ukweli: wataonekana, na watalipa wakipata faida, lakini mwimbaji asiyeweza kuonyesha alichowalipa analipishwa kodi kwa pesa ambazo zimo mifukoni mwao.