Tiketi ya Kumwona Aliye Hai

Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, tarehe 28 Oktoba 2018, sisi Wapwani tunaoishi New Jersey tulipigiana simu kama siku ya Idi. Kabla ya hapo ilikuwa lazima upitie Amsterdam, London au Dubai, ukeshe kwenye viti vya uwanja na mkoba umeufanya mto. Sasa karibu kilomita 11,800 zinakatwa bila kutua: saa 14 hivi kwenda nyumbani, 15 kurudi, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi, zikaisukuma ndege iendayo na kuizuia irudiyo.

Saa hizo zilizopungua nazishukuru kwa dhati. Lakini kuna hesabu hazikuigusa.

Baba alifariki Mombasa, asubuhi moja ya Julai. Simu ilinifikia saa kumi alfajiri. Kule ilikuwa saa tano, kwani majira ya joto Kenya huitangulia New York kwa saa saba. Maiti alikuwa ameshaoshwa. Kwetu maziko hayacheleweshwi, na baada ya alasiri akaswaliwa, akazikwa. Kwangu ilikuwa haijatimia saa nne asubuhi, na ndege ya Nairobi huondoka mchana. Hata ningekuwa na tiketi mkononi na begi limefungwa, baba angetangulia kaburini kabla sijaitwa kupanda. Nilipofika, baada ya Nairobi na ndege ya pili ya kuteremka Mombasa, hitima ilikuwa imeshasomwa. Kofia yake ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Dirishani palikuwa na karatasi ya vidonge vya presha, vinne vimebaki.

Hakuna ndege itakayoiwahi alasiri ile. Ndiyo maana desturi yetu huku inanisumbua. Mwenzetu akifiwa, michango inapatikana kabla jua halijazama, na tiketi ya ghafla, iliyo ghali mno, inalipwa. Ni wema mkubwa; mimi mwenyewe nilisafiri kwa wema huo. Lakini mtu akisema anataka tu kwenda kukaa na mama yake, hana arusi wala msiba, tunamwambia asubiri Desemba, wakati nauli zimepanda na nyumba imejaa wageni hata nafasi ya kuzungumza na mzee haipatikani.

Nimependekeza kwenye kikundi chetu kwamba sehemu ya mfuko wa misiba ilipie nauli za wenye wazazi wakongwe, waende Februari au Mei, tiketi zikiwa nafuu. Wengine wanahofu kwamba siku ya msiba mfuko utakutwa mtupu. Hofu yao naielewa, ila bado nasema tuanze na dada mmoja wa hapa Jersey City: mama yake yuko Lamu, macho yanamfifia, na angali anaitambua sura ya bintiye.